Kamati ya Linux na Rejista Niliyoifuta

Nimestaafu Ijumaa ya juzi. Nimepewa saa ya ukutani, doti mbili za kitenge, na hotuba ya dakika arobaini iliyohusu zaidi ujenzi wa uzio wa kituo. Hotuba ilipokwisha, wenzangu wa chumba cha takwimu walinizingira kwenye meza ya soda.

"Bi Mwanaidi, usiondoke na mambo yote kichwani. Tuandikie."

Nikawauliza niandike nini.

"Ya Linux. Na ile habari ya rejista."

Basi naandika, nimekaa barazani kwangu Madale, laptopu iko juu ya meza ya kukatia mboga. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vilikuwa vichache, na sijawahi kuona printa iliyopona kwa cheo cha mtu.

Kituo chetu cha afya kiko upande wa Kinondoni. Jina nalihifadhi, kwa sababu baadhi ya waheshimiwa wa habari hii bado wanasaini barua. Niliingia pale kama karani wa masijala, binti wa Kizaramo kutoka Magomeni, miguuni nina viatu vya kuazima. Siku ya kwanza nilionyeshwa kabati la kadi za wagonjwa, nikaambiwa nimtafute Mohamedi Ali. Nikawapata thelathini na kitu. Asubuhi nzima niliwapanga kwa majina ya babu zao, na nilipompata yule wetu, mwenyewe alishachoka kungoja na homa yake, amekwenda zake duka la dawa. Siku hiyo nilijifunza kwamba kumbukumbu isiyopatikana haina tofauti na isiyokuwepo. Nilidhani nimejifunza moja kwa moja.

Kompyuta za kwanza zilikuja sita, zote za msaada, zimeshachoka huko zilikotoka. Mganga mfawidhi wa wakati ule aliagiza zivishwe vitambaa vya kufuma, na anayeingia chumbani avue viatu. Zikafungiwa kiyoyozi. Wodi ya wazazi haikuwa na hata feni, lakini kompyuta zilipigwa baridi mchana kutwa. Mie nilikabidhiwa ufunguo kwa sababu moja tu: nilikuwa napiga taipu bila kuangalia vidole. Mganga alinitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Huyu anaijua kompyuta." Sikuwa nimewahi kuiwasha. Ndivyo nilivyoingia kwenye fani.

Miaka mingi kazi yangu ilikuwa virusi. Windows zetu zilikuwa za kunakili, zile anazokuwekea fundi wa mtaani huku anaangalia mpira, na kila flashi iliyotoka kuchapishwa mtaani ilirudi na wageni. Unafungua folda, unakuta imegeuka kitu kingine. Unabonyeza, inazaa pacha. "Bi Mwanaidi, kompyuta ina homa tena," wauguzi walikuwa wakiniita. Dawa yangu ilikuwa moja: kufuta kila kitu na kusimika upya. Nilifanya hivyo mara nyingi hata kile kitufe cha kufuta nikakizoea kama kitasa cha mlango wangu. Mtu haogopi kitasa cha mlango wake.

Aliyenionyesha njia nyingine hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Mzee Kombo, fundi wa majokofu ya chanjo, Mpemba wa maneno machache. Alinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, alipofika nyumbani akakuta ndani haina Windows, ina kitu kinachoitwa Linux. Mtu mwingine angerudi dukani kugombana. Kombo alisema nauli ya kwenda imeshatumika, ya kurudi haina sababu. Akakaa nayo, akaisoma.

"Ina virusi?" nilimuuliza siku aliyonionyesha.

"Hao wa flashi zenu lugha yake hawaijui."

Nikamuuliza Linux yenyewe ni kitu gani, mbona watu wanataja majina mengi. Akaniambia ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, na ni kama pilau. Mchele ni mchele, lakini kila nyumba ina pilau yake: huyu anazidisha binzari, yule anaweka viazi, mwingine hataki kuona zabibu. Hizo pilau ndizo zinazoitwa distro. Akanipa flashi moja. "Hii unawashia kompyuta bila kugusa kilicho ndani. Usisimike. Onja kwanza."

Nikaonja. Ikawaka kwenye kompyuta ya masijala iliyokuwa imekataa Windows mpya kwa uzee, nikafurahi kama nimefufua mtu. Furaha ilidumu mpaka nilipofungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Likaniomba neno la siri. Nikaandika, pasionekane kitu, hata nyota moja. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Nikaenda stoo nikachukua kibodi nyingine; ikawa vile vile. Kibodi ya tatu ndiyo iliyomfanya mtunza stoo aniandikie barua ya maelezo. Mzee Kombo alipopita akaniona na kibodi tatu mapajani, akauliza kuna nini.

"Haziandiki neno la siri."

"Siri unataka ikaandikwe ubaoni? Inakusikia, inakufichia tu. Andika, bonyeza Enter."

Nikaandika. Ikafunguka. Barua ya maelezo niliijibu kwa kusema kulikuwa na unyevu.

Wiki ile ile nilimfuata tena. "Mzee Kombo, imekataa."

"Imesemaje?"

"Imeandika maneno mengi."

"Mgonjwa akija akikueleza maneno mengi, unakwenda kwa daktari kusema mgonjwa amekataa?"

Nilirudi nikiwa nimenuna, nikayasoma yale maneno moja moja, na kamusi pembeni. Mistari kumi na mbili, na maana yake yote ilikuwa kwamba diski imejaa. Tangu hapo nikawa na daftari: upande wa kushoto inachosema kompyuta, kwa maneno yake yenyewe, upande wa kulia nilichofanya. Wenzangu, kama mnataka kuchukua kitu kimoja tu kwenye karatasi hizi, chukueni hicho. Watu wengi wa kompyuta niliowaona hawasomi. Wanakunja uso, wanazima, wanawasha, wanaomba Mungu.

Sasa nije kwenye kamati.

Tulipata mganga mfawidhi mpya, Dk. Lwitiko, mtu wa kisasa, mwenye suti hata Februari. Jambo lake la kwanza lilikuwa kupiga marufuku karatasi. Rejista zote ziingie kwenye kompyuta. Madaftari ya zamani yakapelekwa stoo ya nyuma, ambako mchwa waliyasoma kwa bidii kutuzidi sisi. Kisha ikaja barua kutoka juu, ikihimiza matumizi ya programu huria, kama hiyo Linux. Dk. Lwitiko aliisoma mara moja, akaona neno "bure", akafurahi, akaniita.

Nikamwambia jambo lenyewe ni la asubuhi moja. Tuchukue kompyuta dhaifu kuliko zote, tuiwashie flashi tatu nne, tuone ipi inafanya kazi. Akanitazama kwa huruma.

"Mama, hili ni jambo la kitaasisi."

Ikaundwa Kamati ya Uteuzi wa Mfumo Endeshi, wajumbe kumi na mmoja. Mie niliwekwa kuwa mwandishi wa kumbukumbu, bila kura, kwa kuwa niliijua mada na ningeweza kuelemea upande. Mhasibu alitaka distro ya Ubuntu. Hakuwa ameiona, lakini jina lake ni la Kibantu, maana yake utu, ni la kwetu, na kuchagua nyingine alikuita usaliti. Matroni alitaka Mint, kwa kuwa picha yake ya mbele ni ya kijani na kijani hutuliza wagonjwa. Mfamasia alisikia kwamba Debian haibadiliki ovyo, akasema katika maisha yake angependa kuwe na kitu kimoja cha namna hiyo. Dereva wa ambulensi, Bwana Chande, aliuliza ikiharibika nani ataitengeneza. Niliagizwa niandike: "Swali limepokelewa."

Kikao cha sita tuliletewa mtaalamu kutoka nje ya kituo. Alikuja na sweta yenye kofia, katika joto lile, na kabla hatujajua jina lake tulishajua kwamba yeye anatumia distro ya Arch. Akatuonyesha laptopu yake. Dirisha likifungwa, linawaka moto na kuteketea taratibu kwenye skrini. Kamati ikapiga makofi. Bwana Chande akauliza kama inaweza pia kuchapisha cheti cha rufaa. Swali likapokelewa.

Baada ya vikao kumi na tisa kamati ikafikia uamuzi kwamba kila idara ichague yake, asije akaonewa mtu. Kituo chenye kompyuta kumi na mbili kikawa na distro tano. Wote walioshiriki walipongezana kwa kushikana mikono, na mie nikaachiwa kompyuta.

Nawaambia ukweli, miezi ile ndiyo iliyonifanya fundi. Chumba cha dawa, kadi ya waifai haikutambuliwa, na kiendeshi chake, yaani programu ya kuiamsha, kilitakiwa kipakuliwe mtandaoni, ambako huwezi kufika bila waifai. Nilizunguka na ugonjwa ule siku mbili, mpaka nilipounganisha simu yangu kwa waya wa kuchajia, nikaiambia igawe bando, na kompyuta ikaingia mtandaoni kupitia simu. Mapokezi, kila tovuti iliitwa si salama. Mtaalamu wa sweta alishauri tufute tusimike upya. Nikasoma ule ujumbe: ulitaja tarehe. Kumbe kompyuta ilidhani tuko miaka mingi nyuma, maana betri ndogo ya saa ndani yake, ile ya duara bapa, ilishakufa. Nikabadilisha betri, usalama ukarudi. Maabara ndio walioteseka zaidi, kwa sababu yao ilipangwa na mtaalamu mwenyewe kwa mipangilio ya laptopu yake. Waliposasisha, skrini ikawa nyeusi. Alipopigiwa simu akasema huo ndio uzuri wake, inamfundisha mtumiaji. Mama wa maabara akamjibu kwamba yeye shule alishamaliza, sasa hivi anataka kupima malaria.

Ikabaki kompyuta moja, ya kitengo cha kifua kikuu. Niliiacha mwisho kwa makusudi. Humo ndimo ilimokuwa rejista ya wagonjwa wanaotumia dawa: nani kaanza lini, yuko mwezi wa ngapi, anakaa wapi, kaja lini mara ya mwisho. Kifua kikuu ni ugonjwa wa kuhesabu siku. Ukiacha katikati, unarudi na nguvu mpya, na unawapitia walio nyumbani kwako. Muuguzi wa kitengo, Sista Tumaini, Mchaga mwenye sauti ya kutoa amri na moyo laini kama mkate wa kumimina, aliniomba taratibu: "Bi Mwanaidi, hii ya kwangu usiiharakishe."

Nikaiharakisha. Siku ya uzinduzi ilishapangwa, mgeni rasmi alishaalikwa, na Dk. Lwitiko alitaka picha ya kituo kikikamilisha safari. Kompyuta ile ilikuwa na diski mbili: ndogo mpya ya kuweka mfumo, na kubwa ya zamani yenye rejista na mafaili mengine ya kituo. Majina yao kwenye skrini yalitofautiana kwa herufi moja ya mwisho. Programu ya kusimika ikaniuliza itumie ipi, kisha ikaandika kwa Kiingereza chepesi kabisa kwamba vyote vilivyomo kwenye diski hiyo vitafutwa, na ikataja diski.

Dk. Lwitiko alikuwa amesimama nyuma yangu, kainua simu. "Mama, bonyeza sasa, mwanga ni mzuri."

Mie, mwenye daftari la pande mbili, mie niliyewasimanga watu kwa kutokusoma, sikusoma. Nikabonyeza na kutabasamu kwa ajili ya picha.

Ilipowaka upya ilikuwa safi, inameremeta. Sista Tumaini akakaa, akafungua folda yake, akafunga, akafungua tena. Akageuka.

"Bi Mwanaidi, wagonjwa wangu wako wapi?"

Diski niliyoichagua ilikuwa ile kubwa ya zamani. Nakala nilikuwa nayo, msinione mjinga kabisa. Nakala nzuri, ya wiki ile ile. Ilikuwa kwenye diski ile ile. Ombi la kununua diski ya nje lilikuwa ajenda ya kikao cha tisa cha kamati, likaahirishwa kupisha mjadala wa picha ya mbele.

Nilimpigia Mzee Kombo, ambaye alikuwa ameshastaafu, anakaa Mbagala. Sikuweza hata kumwamkia vizuri.

"Umeandika kitu juu yake tangu hapo?" akauliza.

"Mfumo wenyewe umeandikwa."

"Zima. Chomoa umeme. Usimruhusu mtu kuigusa. Kufuta ni kuondoa kibao cha mtaa. Nyumba huwa bado zipo mpaka mtu ajenge juu. Wewe umeshajenga kidogo. Usijenge zaidi."

Alikuja kesho yake, Jumamosi asubuhi, na mfuko wa rambo wenye bisibisi. Tulitoa ile diski, tukaichomeka kwenye kompyuta nyingine, tukawasha kwa flashi, na kuendesha programu inayochimbua mafaili yaliyofutwa, kipande kwa kipande. Ilichimba Jumamosi mchana kutwa na Jumapili mchana kutwa. Mafaili yalirudi bila majina, yamepewa namba tu kama maiti wasiotambuliwa, na ilitubidi tufungue moja moja.

Kumbukumbu za kamati zilirudi zote. Vikao vyote kumi na tisa, hakuna ukurasa uliopotea, mpaka orodha ya waliokula sambusa. Picha za Dk. Lwitiko akikata utepe mwaka uliopita zilirudi, na nyingine zilirudi mara mbili. Rejista ya kifua kikuu ilirudi nusu. Chini ya hapo ilikuwa alama za maswali na viboksi.

Niliweka kichwa mezani nikalia. Mzee Kombo alifunga bisibisi zake kwenye mfuko. Hakuniambia kwamba si kosa langu, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alisema, "Waliobaki wako majumbani kwao. Si diski pekee inayowajua."

Jumatatu Dk. Lwitiko aliniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, ripoti itasema ni virusi.

"Daktari, hotuba yako ya uzinduzi inasema mfumo huu hauna virusi."

Akafikiri. "Basi umeme. Umeme haujawahi kukana."

Nawaeleza jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa nimebakiza miaka minne tu kustaafu, nyumba ya Madale haijaezekwa, na mtu mkubwa ananipa mlango wazi wa kutokea. Niliutazama ule mlango muda mrefu. Kisha nikafikiria: tukisema ni umeme, hakuna atakayetoka kwenda kuwatafuta watu. Tutangoja warudi wenyewe, na asiyerudi tutasema kahama. Nikaandika kwa mkono, kwenye ile karatasi iliyopigwa marufuku: "Mwanaidi amefuta diski kwa kutokusoma maelezo. Wagonjwa ishirini na saba hawamo kwenye rejista. Naomba ruhusa ya kuwatafuta." Nilipewa barua ya onyo na ruhusa kwa bahasha moja.

Tukatoka, mie na Sista Tumaini, na Bwana Chande wa ambulensi gari lilipokuwa halina mgonjwa. Sista alikuwa na sura zao kichwani, na mitaa. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ya dawa nyumbani. Kazi yetu ilikuwa kufika, kuomba radhi, na kunakili. Wengi walitupokea vizuri, wengine wakatupa chai. Mzee mmoja wa Ubungo, fundi baiskeli, alitusimamisha mlangoni akiwa na kadi mkononi.

"Ngojeni kwanza. Mie nilichelewa siku moja tu, mkaniita mzembe mbele za watu. Leo nyie mmenipoteza mie mzima mzima?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Tumekupoteza."

"Nani aliyenipoteza?"

"Ni mimi."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akacheka, akatoa kigoda. "Kaa. Mzembe mwenzangu."

Siku ya tisa walibaki watatu, na jioni akabaki mmoja. Sista alimjua kama mama wa duka la mashuka, Tegeta, nyuma ya soko. Tukamkuta ameketi kati ya mashuka yake, kanga kajifunga mpaka kidevuni, mwembamba kuliko Sista alivyomkumbuka. Alituwahi hata kabla hatujasalimia.

"Mmechelewa. Nilidhani mngekuja mwezi juzi."

Sista akaomba kadi. Alama ya mwisho ya dawa ilikuwa ya miezi miwili nyuma.

"Nilijisikia mzima," mama akasema. "Na hapa dukani sina wa kumwachia. Nikasema, wakiona sijaenda watanifuata. Sikuona mtu. Nikajua basi nimepona, maana ningekuwa mgonjwa mngenijali." Akakohoa, akafunika mdomo, akangoja kikohozi kiishe. "Sasa leo mmekuja kwa kuwa mmenikumbuka?"

Nikamwambia ukweli. "Tumekuja kwa kuwa nilikufuta kwa bahati mbaya."

Tukarudi kwenye gari. Mie nilikuwa nafikiria jambo moja tu. Miezi miwili ile, rejista ilikuwa nzima. Kulikuwa na safu inayogeuka nyekundu yenyewe mgonjwa asipokuja kuchukua dawa. Niliitengeneza mie kwa mikono yangu na kuionea fahari. Mstari wa mama yule ulikuwa mwekundu miezi miwili, ndani ya kompyuta isiyo na hitilafu yoyote, na tulikuwa tukiufungua kuwaonyesha wageni jinsi rangi zinavyobadilika.

"Nilikuwa naingiza tu," Sista akasema, anatazama barabara. "Muda wa kusoma sikuwa nao."

"Mie je? Muda nilikuwa nao."

Mama alianzishiwa dawa upya, na dada yake akaja kukaa dukani asubuhi za kliniki. Sisi tukabadilisha mambo matatu. Daftari la karatasi lilirudi kando ya kompyuta, marufuku au si marufuku. Nakala zikawa mbili, na moja inalala nje ya jengo. Na kila Jumatatu saa mbili, kabla ya chai, Sista anasoma kwa sauti mistari yote myekundu, na hatunyanyuki mpaka kila jina limepata mtu wa kulifuata.

Distro nazo nilizipunguza zikawa moja. Sikuita kikao. Nilichukua kompyuta mbovu ya mapokezi, nikaiwashia flashi tatu kwa zamu, nikamkalisha Sista Tumaini. Kazi zilikuwa tatu: aingie kwenye waifai, afungue rejista, achapishe ukurasa mmoja. Mie nilikaa uani nimempa mgongo. Ile ambayo hakuniita hata mara moja ndiyo niliyoichukua. Ilikuwa Mint, ile nyepesi yake. Ilichukua asubuhi moja, na chai katikati.

Mhasibu alikuja kulalamika kwa niaba ya utu. Nikamweleza kwamba Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu imejengwa juu ya Debian, kwa hiyo yeye, Matroni na Mfamasia walikuwa wanapigania chungu kimoja.

"Sasa vikao kumi na tisa vilikuwa vya nini?"

Nikamwambia swali limepokelewa.

Ripoti ya mwaka ilipotoka, safari yetu ya majumbani iliitwa "Ufuatiliaji Shirikishi wa Wagonjwa kwa Njia ya Teknolojia", na kituo kikapongezwa. Barua yangu ya onyo ilibaki kwenye faili. Sikuomba iondolewe, ni maandishi ya kweli, na hayo hayakuwa mengi pale ofisini.

Mama wa Tegeta alimaliza dawa mwaka uliofuata. Siku ya dozi ya mwisho alikuja amenenepa, kajipaka hina, amenibebea shuka la maua. Akasema hataki cheti, anataka kuona nilipomfuta na nilipomwandika. Nikafungua rejista, nikamwonyesha mstari wake. Ulikuwa wa kijani mpaka mwisho. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye skrini, akausoma taratibu, kisha akaurudia.

"Huyu Salma ni nani?"

"Si wewe?"

"Mie naitwa Salha. Kwenye kadi mliandika hivyo hivyo toka siku ya kwanza, na mie nilikuwa naumwa, sikuwa na nguvu za kubishana na watu wa serikali." Akavua miwani. "Mwaka mzima namezeshwa dawa za Salma."

Nikavuta kibodi. Nikafuta ile M, herufi moja tu, nikaweka H, nikamwomba asome kwa sauti kabla sijabonyeza. Akasoma. Nikabonyeza.